Kasri la Jodhpur: Kwa nini lilijengwa wakati wa njaa?

Mtawala akijenga kasri la kifahari wakati raia wake hawana chakula, je, anawasaidia au anajitukuza? Swali hili linaulizwa hadi leo kuhusu Umaid Bhawan, kasri lililoko juu ya kilima katika mji wa Jodhpur, magharibi mwa India. Katika makala hii tunaeleza lilivyojengwa.

Aliyelijenga ni nani?

Ni Maharaja Umaid Singh, aliyetawala Jodhpur kuanzia 1918 hadi alipofariki 1947. Alitoka katika ukoo wa Rathore, mmoja wa koo za Warajput. Hao ni jamii ya wapiganaji iliyotawala kwa karne nyingi eneo ambalo leo ni jimbo la Rajasthan. Watawala wao walijulikana kwa kujenga ngome na mahekalu, na kuwatunza wachoraji na mafundi.

Kwa nini wakati ule?

Jodhpur ipo kando ya jangwa la Thar. Katika miaka ya 1920 mvua ilikosekana, na wakulima wakakosa mavuno. India ilikuwa na desturi ya zamani: njaa ikiingia, mtawala huanzisha ujenzi ili watu wapate ujira wa kununua chakula. Ujenzi wa kasri ulianza 1929 na kumalizika 1943. Watu kati ya 2,000 na 3,000 walipata kazi.

Lilijengwaje?

Ramani ilichorwa na Mwingereza, Henry Lanchester. Mafundi walichonga mawe makubwa yakaingiana na kushikana yenyewe, bila saruji. Kasri lina vyumba 347. Baadaye mchoraji Stefan Norblin, aliyeikimbia Poland kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia, alichora ukutani matukio ya utenzi wa kale wa Kihindi, Ramayana.

Msaada au majivuno?

Wanaomtetea Maharaja wanasema kwamba kibarua aliyelipwa alirudi nyumbani na chakula bila kuombaomba. Wanaompinga wanauliza: kama nguvu kazi ilikuwepo, kwa nini isichimbe mabwawa kwanza? Kasri halimwagilii shamba.

Sisi tunaona pande zote mbili zina hoja. Ujira uliwavusha watu katika miaka migumu, lakini haukuzuia ukame kurudi. Maharaja mwenyewe alianzisha pia ujenzi wa bwawa la Jawai mwaka 1946. Hakuishi kuliona likikamilika. Lilimalizika 1957, na hadi leo linatoa maji ya kunywa na ya kumwagilia mashamba.

Kasri nalo bado lipo. Sehemu moja ni hoteli, nyingine ni makumbusho, na nyingine ni makazi ya familia ya Maharaja.

Kwa hiyo, msikilizaji, mradi wa kibarua ukija kijijini kwako wakati wa njaa, uliza maswali mawili: nitalipwa nini leo, na kazi ikiisha, kijiji kitabaki na nini?