Chujio jipya, samaki tisa: nilichojifunza kwa tangi langu la Kitengela

Wiki iliyopita mpwa wangu wa Kisauni alinipigia simu. Amenunua tangi la samaki la kioo, na sasa ataka kulitilia chujio la kanista kama langu. "Mjomba," akaniambia, "nataka maji yang'ae kama yako. Kesho nalifunga hilo jipya, na haka kasponji ka zamani nakatupa." Nikamwambia, "Chujio nunua, lakini hako kasponji usikatupe. Mimi nilikatupa, nikazika samaki tisa."

Kwa kuwa najua wako wengi wenye nia kama yake, huko pwani na huku bara, nimeona heri niyaandike yaliyonikuta ili mwengine asiyarudie.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kazi ndiyo iliyonileta Kitengela, kaunti ya Kajiado. Mtu aliyekulia kando ya bahari akija kukaa kwenye mbuga hii kavu, macho yake hutamani maji. Basi nikanunua tangi la futi nne, lenye kuchukua lita 200 hivi, nikaliweka sebuleni. Maji ninayotumia ni ya kisima kirefu, huletwa na boza. Ni maji magumu: sufuria ya chai huota ukoko mweupe, na sabuni haifanyi povu upesi. Nilipoyapima, pH ilikuwa 8.2. Kwa hivyo nilichagua mbuna, samaki wa rangi rangi wa mawe ya Ziwa Nyasa, ambao maji ya kwao nayo yana pH ya juu. Nilikuwa nao 14.

Kwa mwaka mzima tangi lilikwenda na chujio dogo la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa. Samaki walikuwa wazima, ila maji hayakuwa maangavu, na mbuna ni walaji wazuri na wachafuzi wazuri. Ndipo nikanunua kanista.

Kwa asiyelijua, chujio la kanista ni kama ndoo yenye kifuniko kinachofungwa kwa vibanio, na huwekwa chini, kwenye kabati la tangi. Lina mipira miwili. Mmoja huteremsha maji kutoka kwenye tangi, na maji hushuka yenyewe kwa uzito wake. Ndani ya kanista hupita kwenye sponji nene, kisha laini, kisha kwenye vipete vya kauri vilivyojaa vitundu. Mota iliyo kwenye kifuniko huyasukuma kurudi juu kwa mpira wa pili. Ndiyo maana kanista lazima ikae chini ya tangi. Ukiiweka sawa na tangi, maji hayatashuka.

Siku hiyo nilifanya kazi kwa bidii. Nilitoa sponji ya zamani nikaitupa, nikaosha changarawe yote kwa maji ya mfereji, nikafunga kanista. Kufika jioni maji yalikuwa kama hayapo. Watoto wakafurahi, nami nikajiona fundi.

Siku ya nne binti yangu akaniuliza, "Baba, mbona samaki wote wako juu wanahema?" Kufikia mwisho wa wiki walikuwa wamekufa tisa. Maji yalikuwa safi kwa macho, na ndani yake mlikuwa na sumu.

Sumu yenyewe ni amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki pamoja na kinyesi huizalisha vikioza. Katika tangi lililokomaa, jamii moja ya bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na jamii nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa zaidi. Bakteria hawa hawaelei majini kwa wingi. Hujishika kwenye sponji, kwenye changarawe na kwenye kauri. Mimi niliitupa nyumba yao moja, na ile ya pili nikaiosha kwa maji yenye klorini, ambayo kazi yake hasa ni kuua vijidudu. Kanista yangu mpya ilikuwa nyumba kubwa, nzuri, isiyo na mkaazi hata mmoja.

Na hapa maji ya Kajiado yaliniongezea msiba. Amonia si sumu kwa kiwango kimoja kila mahali. Hutegemea pH na joto. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote huwa katika ile hali kali inayoua. pH ikifika 8 hupanda hadi kama asilimia 5, na ikifika 8.5 hukaribia asilimia 15. Kosa ambalo mtu mwenye maji laini angeponea, kwa maji magumu ya kisima huua. Waliobaki watano niliwaokoa kwa kubadilisha thuluthi ya maji kila siku kwa wiki mbili na kuwapunguzia chakula, huku nikihesabu bei ya kila ndoo ya boza.

Sasa nieleze ningefanya vipi, na ndivyo nilivyomwambia mpwa wangu.

Kwanza, chagua ukubwa unaofaa. Kwa tangi la lita 200, tafuta chujio linaloandikwa kuzungusha lita 800 hadi 1,200 kwa saa, yaani tangi zima mara nne hadi sita. Ukilijaza sponji na kauri, na maji yakapanda kimo, mwendo halisi hupungua, kwa hivyo usinunue la kukidhi tu. Stima isikutishe: mota ya wati 20 ikifanya kazi usiku na mchana hutumia kama yuniti 14 kwa mwezi.

Pili, suuza sponji na kauri mpya kwa maji matupu, bila sabuni, kutoa vumbi la kiwandani. Kata mipira kwa urefu unaotosha, isijikunje, kisha ikaze vizuri. Mpira ukichomoka usiku, nusu ya tangi yaweza kuishia sakafuni. Jaza kanista maji kabla ya kuwasha, kisha kaa nayo saa nzima ukipapasa kila kiungo kwa karatasi kavu. Waya wa stima uuache ulegee, ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likiufuata lidondoke chini lisiingie kwenye plagi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: chujio la zamani liache lifanye kazi pamoja na jipya kwa wiki nne hadi sita. Ukiweza, kata kipande cha sponji ya zamani ukitie ndani ya kanista, kiwe mbegu. Kabla ya kutoa la zamani, pima amonia na nitriti kwa dawa za matone. Zote ziwe sufuri. Ukishalitoa, pima tena kila siku kwa wiki moja.

Nne, elekeza maji yanayorudi yavuruge uso wa tangi. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto lile lile maji ya huku hubeba oksijeni pungufu ya ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Mpwa wangu aweza kulisahau hili kidogo, ila joto la Kisauni nalo hupunguza oksijeni, basi afanye vivyo hivyo.

Utunzaji wake si mgumu. Kila mwezi mmoja au miwili, zima stima, funga koki, fungua kanista. Sponji ikamulie ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, usiipeleke kwenye mfereji. Kauri itikise tu. Usioshe vyote siku moja. Pete ya mpira ya kifuniko ipake grisi ya silikoni. Mafuta ya kujipaka yatokanayo na petroli huharibu aina nyingi za mpira.

Kisha kuna jambo la stima kupotea, ambalo halihitaji maelezo kwa msomaji wa nchi hii. Kanista ni chombo kilichofungwa. Mota ikisimama, bakteria waliomo huendelea kutumia oksijeni iliyobaki, na ikiisha huanza kufa na kuoza. Stima ikirudi baada ya saa nyingi, mota husukuma maji hayo mabovu moja kwa moja kwa samaki. Kwa hivyo ikipotea kwa saa kadhaa, chomoa plagi. Ikirudi, fungua kanista, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Pampu ndogo ya hewa ya betri huwatosha samaki kwa muda huo. Mimi nimeirudisha sponji ya hewa iwe ya kudumu kando ya kanista, iwapo moja litaharibika.

Mwisho, tusiidai kanista isichoweza. Haitoi nitrati, haitoi chumvi, wala haitoi floridi ambayo maji mengi ya visima vya Kajiado yanajulikana kwayo. Huku upepo ni mkavu, na tangi langu hushuka kimo kila wiki. Zamani nilikuwa naongeza maji tu. Lakini maji hupaa na chumvi hubaki, kisha unaongeza maji mengine yenye chumvi. Waliopita kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni wanaijua kazi hiyo. Sikujua kuwa naifanya sebuleni. Sasa kila wiki natoa robo ya maji na kutia mapya, yasiyo na klorini. Maji ya mfereji huyatia dawa ya kuondoa klorini.

Mbuna wangu leo ni 11, kwani wale watano wamezaa, na maji yanang'aa. Mpwa wangu kanitumia picha jana: kanista iko chini ya tangi, na kule pembeni kasponji ka zamani bado katoa mapovu. Amekubali kungoja wiki sita. Ameniuliza kitu kimoja tu, kama aweza kuwalisha samaki mara tatu kwa siku sasa kwa kuwa ana chujio kubwa. Nikamjibu mara moja, na kidogo. Kile wanachoacha samaki, bakteria ndio watakaokila, na bado hawajahamia.