Hedifoni Wazi na Sauti Isiyoegemea Upande

Mteja akiingia dukani kuulizia hedifoni, muuzaji karibu kila mara humjaribishia wimbo wenye besi nzito. Besi inagonga, kichwa kinatikisika, pesa inatoka. Baada ya wiki chache mteja huyo huanza kuona kwamba nyimbo zake zote zimekuwa na sura moja: besi mbele, mwimbaji nyuma yake, fidla na gitaa zimejibanza pembeni. Ninaandika kwa ajili ya msikilizaji aliyechoshwa na hali hiyo, anayetaka kukaa nyumbani jioni na kusikia kile hasa ambacho mwanamuziki na fundi wa studio walikiacha kwenye rekodi. Jibu langu kwake ni hedifoni wazi zisizoegemea upande, na sababu zake zinataka maelezo ya taratibu.

Tuanze na umbo. Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna spika ndogo yenye utando mwembamba unaotetemeka. Utando huo husukuma hewa pande mbili, mbele kuelekea sikioni na nyuma kuelekea ukuta wa kikombe. Kikombe kikiwa kimefungwa, sauti ya nyuma hugonga ukuta na kurudi, ikachanganyika na ile ya mbele. Noti nyingine zinavimba, nyingine zinafifia. Mtengenezaji hodari anaweza kuidhibiti hali hiyo, lakini kwa gharama na kwa ujuzi mwingi. Katika hedifoni wazi, nyuma ya kikombe ni wavu tu, na sauti ya nyuma inatoka zake. Sennheiser wa Ujerumani ndio walioifungua njia hii sokoni mwaka 1968 kwa hedifoni HD 414, ile yenye sponji za njano. Anayeivaa hedifoni wazi kwa mara ya kwanza husema mara nyingi kwamba muziki umetoka kichwani na kupata nafasi ya kupumua.

Kasoro zake lazima zijulikane kabla ya kununua. Mwenzako aliye chumba kimoja nawe atausikia wimbo mzima. Nawe utasikia kila kitu: pangaboi, jenereta ya jirani, bodaboda, televisheni ya sebuleni. Kwenye daladala au ofisini hazifai kabisa. Zinahitaji chumba tulivu na saa tulivu, na asiye na hivyo viwili anunue zilizofungwa bila majuto. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, hata hivyo, zina faida ambayo haiandikwi kwenye boksi: hewa inapita, na masikio hayaloi jasho upesi kama yanavyoloa ndani ya vikombe vilivyofungwa kwa ngozi bandia.

Sasa, kutoegemea upande ni nini? Wengi hudhani ni sauti kavu, isiyo na ladha. Ifikirie mizani ya dukani: iliyo sahihi haimwongezei mnunuzi wala haimpunguzii. Rekodi yenye besi nyingi itatoa besi nyingi, na isiyo na besi haitapewa ya bandia. Ukavu, kama upo, umetoka studio.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Mtu angedhani inatosha kutengeneza hedifoni inayotoa sauti za chini, za kati na za juu kwa kiwango kimoja, mstari ulionyooka kwenye grafu. Hedifoni ya namna hiyo husikika imefifia, mwimbaji kama amezibwa mdomo. Sababu ni sikio lenyewe. Sauti inapotoka mbele yako, iwe ya mtu au ya spika, sikio la nje na tundu lake huikuza kabla haijafika kwenye ngoma ya sikio, hasa karibu na hezi 3,000, na kwa kiasi kinachoweza kufika desibeli 10 na zaidi. Ubongo umeuzoea ukuzaji huo tangu utotoni na kuuhesabu kuwa hali ya kawaida. Hedifoni, kwa kuwa imeligandamia sikio, huuvuruga, hivyo mtengenezaji inambidi aurudishe kwa makusudi. Swali ni kwa kiasi gani.

Wahandisi hawajawahi kukubaliana kikamilifu. Katika miaka ya 1980, nchini Ujerumani, Günther Theile alitetea kipimo cha chumba ambamo sauti humfikia msikilizaji kutoka pande zote kwa usawa. Hedifoni zilizoufuata mkondo huo huelekea kuwa na sauti za juu zilizochangamka na besi ya kiasi. Kisha, kuanzia mwaka 2012 hivi, Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman nchini Marekani walishika njia nyingine: waliwasikilizisha watu bila kuwaambia hedifoni ni ya nani, wakatafuta mlingano unaopendwa na wengi. Jibu lilikaribia sauti ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri, yaani besi imeinuliwa desibeli kadhaa huko chini karibu na hezi 100 na kushuka, na sauti za juu zinateremka taratibu.

Msikilizaji wa kawaida afuate mkondo upi? Kwa maoni yangu asihangaike na ugomvi huo kabla ya kutazama mahali ambapo pande zote mbili zinakaribiana, yaani sauti za kati. Huko ndiko anakoishi mwimbaji. Huko ndiko ziliko fidla, kodiani, gitaa, udi na saksafoni. Hedifoni iliyokosea besi kidogo inavumilika, na kosa lake hurekebishika kwa ekwalaiza ya simu. Iliyoharibu sauti ya binadamu haina dawa ya urahisi.

Ndiyo maana Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, bado inatumiwa kupimia nyingine. Mhandisi Axel Grell na wenzake waliipa sauti za kati zilizotulia kiasi kwamba mwimbaji husikika kama mtu, na hilo halijachakaa. Besi yake hupungua kadiri unavyoshuka chini ya hezi 100, na upana wa jukwaa lake, yaani nafasi ambamo ala husikika zimepangwa, si mkubwa. Ndugu yake HD 650 wa mwaka 2003 ana sauti ya joto zaidi kidogo, na kwa rekodi zenye makali mimi ningemchagua huyo. AKG K701 ya Austria hupanua jukwaa vizuri sana, ila sauti zake za kati za juu zimesogezwa mbele na besi ni nyembamba. Beyerdynamic DT 990 inauzwa kama kifaa cha studio, na ni imara kweli, lakini sauti zake za juu zimenyanyuliwa kiasi cha kuchoma. Neno "studio" kwenye boksi halithibitishi usawa. Hifiman Sundara ya China hutumia utando bapa uliotandazwa kati ya sumaku, na faida yake kubwa ni besi inayoshuka chini kabisa bila kulegea. Kwa bajeti ndogo ipo Philips SHP9500, nyepesi, rahisi kuendeshwa na simu, yenye kasoro ndogo za juu na upungufu wa besi ambao kwa bei yake ninausamehe.

Jaribio la kweli liko kwenye muziki wenyewe, na wasikilizaji wa Kiswahili tuna hazina nzuri ya kupimia. Chukua santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Rekodi za enzi hizo hazina besi ya chini wala sauti za juu kabisa. Kilichobaki ni kati, sauti yake na ala chache. Hedifoni iliyonyanyua juu itakuongezea mikwaruzo ya santuri tu. Iliyonyanyua besi itakuongezea mngurumo. Iliyo sawa itakuachia Siti mwenyewe. Kisha weka taarabu ya kundi kubwa la Unguja, kama Culture Musical Club: safu ya fidla inapopiga pamoja, je, unasikia kwamba ni watu kadhaa, au ni ukuta mmoja wa sauti? Ala ya kanuni inapoingia, nyuzi zake zinang'aa au zinachoma?

Muziki wa Kongo ni mtihani mgumu zaidi. Kwenye TPOK Jazz ya Franco, gitaa la solo, la mi-solo na la kusindikiza hufumana katika eneo lilelile la kati. Besi ikivimba, mi-solo ndiyo inayozama kwanza, na mtu anaweza kuusikia wimbo miaka mingi bila kujua kwamba gitaa hilo lipo. Ukilisikia waziwazi, likijibizana na solo wakati wa sebene, utaelewa kwa nini ninalisisitiza suala hili. Kazi ile waliifanya watu wenye vipaji vikubwa, na inastahili kusikika yote.

Kwa bongo fleva na amapiano niseme ukweli: besi zake nyingi huishi kati ya hezi 40 na 60, na HD 600 itazitaja kwa upole badala ya kuzipiga. Msikilizaji wa muziki huo aanze na utando bapa, au anyanyue desibeli 3 au 4 chini ya hezi 100 kwa ekwalaiza, huku akipunguza kiwango cha jumla kwa kiasi hichohicho ili sauti isikwaruze. Kufanya hivyo si kuisaliti rekodi. Ni kuirudishia kilichopotea njiani.

Suala la umeme huwatisha watu bure. HD 600 ina ukinzani wa omu 300, na watu husikia hivyo wakadhani lazima amplifaya ya gharama. Volti 1, ambayo ndiyo kiwango cha kipachiko kizuri cha kuunganishia hedifoni na simu, huipa takribani miliwati 3, na hizo zinawatosha watu wengi kwa sauti ya wastani. Omu chache nazo si hakikisho la urahisi: Sundara iko chini ya omu 40 lakini ina kiu ya nguvu zaidi ya inavyoonekana kwenye karatasi. Tahadhari na tundu la hedifoni la redio au amplifaya kongwe, kwani mengi yamefungwa rizista kubwa ndani, na rizista hiyo hubadilisha besi ya HD 600. Ushauri wangu ni kununua hedifoni kwanza, kuijaribu na ulicho nacho, kisha kuongeza amplifaya endapo sauti haitoshi.

Ukienda kujaribu, nenda na nyimbo zako mwenyewe. Sawazisha ukubwa wa sauti kati ya hedifoni mbili kabla ya kuhukumu, kwa sababu iliyo juu hata kwa desibeli 1 huonekana bora bila sababu nyingine. Kama unatoka kwenye hedifoni za besi nzito, zisizoegemea upande zitaonekana nyembamba kwako mwanzoni. Zipe siku kadhaa. Vaa miwani yako au ushungi wako kama kawaida, maana kitambaa, mikono ya miwani na nywele za kusuka huacha upenyo kati ya mto na ngozi, na besi hutorokea hapo, hasa kwenye zile za utando bapa. Uliza pia vipuri. Mito huchakaa na kubonyea, spika ikasogea karibu na sikio, na sauti ikabadilika. Hedifoni ambayo mito na waya wake vinapatikana itadumu miaka mingi. Majina makubwa hughushiwa sana, kwa hiyo bei ya kutupa kwenye boksi linalong'aa ni sababu ya kuondoka dukani.

Mwisho ni masikio yenyewe. Kwa kuwa hedifoni wazi hazizuii kelele, kishawishi cha kuongeza sauti ili kuzishinda ni kikubwa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Nakuomba, msomaji, pangaboi likikulazimisha kupandisha sauti, lizime kwa muda wa wimbo, au subiri nyumba ilale ndipo usikilize.