Ada ya Habari za Shamba: Tulipe au Tusilipe?

Katika Nyanda za Juu Kusini msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, hukoma mwezi wa Aprili au Mei, na mkulima wa Mbeya au Iringa aliyekosea wakati wa kupanda hana vuli wala masika ya pili ya kumfuta machozi. Kwa hiyo si ajabu kwamba akiletewa ujumbe katika simu yake, akaambiwa alipe kidogo apate habari za mvua, bei za mazao na ushauri wa shamba, moyo wake huvutwa. Je, ada hiyo yafaa kulipwa? Swali hili lawahusu wakulima, na lawahusu pia wafanyakazi wa mijini wenye mashamba yao vijijini. Leo twataka kulitazama kwa hesabu.

Huduma za namna hii si ngeni nchini. Mwaka 2012 kampuni ya simu ya Tigo, ambayo tangu mwaka 2024 yaitwa Yas, ilianzisha Tigo Kilimo, iliyowapa wakulima habari za hali ya hewa, bei za mazao na maarifa ya kilimo kwa njia ya simu. Zimekuja nyingine baada yake, za ujumbe mfupi na za intaneti, baadhi bure na baadhi kwa malipo. Hatusemi kwamba ni mbaya. Twasema kwamba kila shilingi itokayo mfukoni mwa mvuja jasho haina budi kuulizwa iendako.

Tuseme huduma yatoza Sh. 100 kwa siku. Fedha hiyo hainunui hata chapati moja, na ndiyo maana hukatwa bila ya kutuuma. Lakini kwa mwaka mzima ni Sh. 36,500. Katika msimu wa 2022/2023 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea yenye ruzuku ulipangiwa bei ya Sh. 70,000, basi ada hiyo ingetosha kununua zaidi ya nusu mfuko. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 1, 2023 ilimwekea mfanyakazi wa mashamba kima cha chini cha Sh. 140,000 kwa mwezi. Ada hiyo ni zaidi ya robo ya mshahara huo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tusisahau kwamba haba na haba vilevile hukimaliza.

Hivyo basi, kabla ya kulipa, mtu ajiulize kwanza kama habari anayouziwa haipatikani bure. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua kuanza, na utabiri huo husomwa katika redio. Kituo cha utafiti cha Uyole, pale pale Mbeya, kimefanya kazi miaka mingi juu ya mbegu zifaazo baridi na udongo wa nyanda hizi, na maharage ya Njano Uyole yamebeba jina lake. Wizara ya Kilimo nayo inao mfumo wake wa simu uitwao M-Kilimo. Agosti 8, 2022, katika viwanja vya John Mwakangale mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku, na mkulima aliandikishwa kijijini au mtaani kwake. Mtu akikuuzia kilicho haki yako kupewa bure, hajakuhudumia.

Pili, ajiulize kama habari hiyo itambadilishia jambo lolote. Tumtazame mkulima wa nyanya wa Ilula, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Nyanya haingoji. Bei ya leo si ya kesho, na mchuuzi ajaye na lori ajua bei ya mjini kuliko mwenye shamba. Ikiwa mkulima ana matenga 50, na kwa kuijua bei ya kweli akapata Sh. 1,000 zaidi katika kila tenga, siku hiyo moja imemrudishia Sh. 50,000. Kwake yeye ada imelipa, na imezidi.

Lakini mkulima wa mahindi wa Ismani, avunaye mara moja na kuweka ghalani, ana haja gani ya ujumbe wa bei kila alfajiri, mwezi wa Januari, wakati mahindi yake yangali shambani mabichi? Na mchuma chai wa Mufindi au Rungwe, alipwaye kwa jasho lake katika shamba la mwenye mali, bei ya mnada wa Mombasa haimwongezei hata jani moja kapuni. Hawa wakilipa kila siku, wanalipia kelele.

Tatu, ajiulize kama anayo nguvu ya kuitumia habari yenyewe. Mkulima wa viazi wa Rungwe aweza kuambiwa na simu bei ya gunia, kisha mnunuzi akaja na lumbesa, gunia lililorefushwa kwa nyavu na kushonwa juu kama kichuguu. Bei ni ya gunia moja, viazi ni vya gunia moja na nusu. Sheria ya vipimo yakataza ujazo huo, lakini mkulima aliye peke yake, mwenye deni na viazi vinavyochipua, hana sauti. Hapo dawa yake ni mizani na umoja wa wauzaji.

Watakuwapo watakaotujibu kwamba habari za bure huchelewa, na kwamba bwana shamba mmoja hawezi kufika katika kila shamba. Wasemavyo ni kweli, wala hatuwalaumu. Ndiyo maana hatusemi watu wasilipe kabisa. Twasema wasilipe kila mtu peke yake.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Watanzania walikusanyika katika vikundi nchi nzima, wakasikiliza redio moja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha maji. Haikuwa lazima kila nyumba iwe na redio. Jambo hilo laweza kufanywa tena. Wakulima kumi wakichanga ile Sh. 36,500, kila mmoja atatoa Sh. 3,650 kwa mwaka. Kijana mmoja ajuaye kusoma vizuri apokee ujumbe, awasomee wenzake siku ya mkutano wa chama cha msingi, na waamue pamoja la kufanya. Zaidi ya kupunguza gharama, kikundi kiijuacho bei chaweza pia kuikataa lumbesa.

Shauri letu basi ni hili. Lipeni kwa mwezi, msilipe kwa mwaka, na mlipe katika miezi ya kupanda na ya kuuza. Kabla ya kujiunga, ulizeni njia ya kujitoa. Asiyetaka kuitaja, fedha yenu asiione. Wekeni daftari lenye safu mbili, moja ya tuliyolipa, ya pili ya tuliyopata kwa sababu ya habari hiyo. Msimu ukiisha, safu ya pili ikiwa tupu, ondokeni bila ya haya. Ikiwa imejaa, endeleeni, na muwaonyeshe majirani daftari lenu.