Tairi la Spea: Ubebe, au Uongeze Matenga Mawili?



Wiki hii siongelei mbegu wala viwavijeshi. Naongelea swali ambalo vijana wengi mnaniuliza mkishaanza kukodi au kununua gari la mazao: "Bwana shamba, kuna haja gani ya kubeba spea siku hizi? Bodaboda zipo, fundi pancha wapo, simu tunazo." Swali zuri. Jibu langu la zamani lilikuwa "hakuna haja", na jibu hilo liliwatia watu hasara. Ngoja niwasimulie.

Ilikuwa Agosti, kiangazi. Kikundi cha vijana ninachokihudumia wilayani Serengeti kilikuwa kimevuna nyanya za umwagiliaji, na mnunuzi alikuwa anawasubiri Sirari. Wakakodi Canter. Kishikio cha spea chini ya chesisi kilikuwa kimekatika siku nyingi, kwa hiyo spea ililala juu, kwenye bodi, imekula nafasi ya matenga mawili. Tulishapakia matenga 38, mawili yamebaki chini. Vijana wakaniangalia mimi, mtaalamu wao. Nikasema, "Shusheni hilo tairi, pakieni nyanya. Njia kavu hii, saa saba mchana mko Sirari."

Spea ikabaki stoo, imeegemea mifuko ya mbolea. Na mimi nikapanda gari, kwa sababu nilikuwa na kikao Tarime.

Saa tano kasoro, kabla hatujafika Mto Mara, tulikuta kipande chenye mawe yaliyochongoka. Tairi la mbele kushoto likapiga jiwe. Mlio kama bunduki. Gari likavuta upande, dereva akalituliza. Tukashuka kuangalia: ubavu wa tairi umechanika urefu wa kiganja. Hapo hakuna kuziba, hakuna kiraka.

Dereva alikuwa mzoefu. Akasema, "Wakuu, nyuma tuna matairi mawili mawili. Tunatoa moja tunalileta mbele, tunapunguza mzigo, tunakwenda pole pole." Wazo zuri, maana rimu za gari lile zilikuwa zinafanana zote. Tukatoa jeki. Tukapampu. Ikapanda vidole viwili, ikashuka yenyewe. Tukarudia, ikashuka tena. Ilikuwa inavuja mafuta, na hakuna aliyeijaribu tangu gari linunuliwe. Yaani hata kama ile spea ingekuwepo, tungeikalia tu kama kigoda.

Tukakaa kwenye jua. Akapita mzee mmoja anachunga ng'ombe. Tukamwamkia, akaitikia, akalizunguka gari mara moja. Akaniuliza, "Wewe si ndiye bwana shamba unayewaambia watu waweke akiba ya mbegu?" Nikasema ndiyo, mzee. "Haya, akiba ya gari iko wapi, mwanangu?" Sikuwa na la kumjibu.

Saa tisa ndipo ikatokea Fuso. Dereva wake akatuazima jeki, tena akakubali kutubebea matenga 15 hadi Tarime mjini. Tulifika Sirari saa mbili usiku. Mnunuzi alikuwa ameshajaza gari lake kwa mzigo wa watu wengine. Simlaumu, nyanya hazingojei ndugu. Kesho yake asubuhi matenga 15 yalikuwa yanachuruzika maji. Yaliyobaki, 25, yaliuzwa kwa nusu ya bei.

Mweka hazina wa kikundi, dada mmoja makini sana, alinifungulia daftari: "Kaka, angalia. Tulitegemea matenga 40 kwa 30,000, ni 1,200,000. Tumepata 25 kwa 15,000, ni 375,000. Tumepoteza 825,000. Na yale mawili tuliyoongeza yalikuwa ya 60,000." Hakusema zaidi. Mimi ndiye niliyesema shusheni tairi.

Adui watatu wa tairi huku kwetu

Kwanza ni mwiba. Ukanda wa Serengeti una migunga mingi, na wafugaji wanakata matawi yake kujengea maboma. Mwiba hautoboi kwa kelele. Upepo unatoka taratibu, unatembea kilomita kadhaa bila kujua, na kufika tairi limeshajisaga ndani. Mwiba unazibika kwa zile kamba za mpira zinazonata, kama tairi halina tyubu na tundu liko kwenye kashata.

Pili ni jiwe. Milima ya Tarime na njia zetu za changarawe zina mawe makali, na jiwe hukata ubavu. Ubavu hauzibwi njiani kwa kamba wala kwa ile dawa ya kumimina ndani ya tairi. Wanaosema "mimi nina dawa ya pancha, sihitaji spea", mjue dawa hiyo ni ya mwiba tu.

Tatu ni tope. Wakati wa masika, ule udongo mweusi wa mbuga unanata kama gundi. Madereva wengi hupunguza upepo ili tairi lishike, jambo ambalo ni sawa. Kosa ni kufika barabara ngumu na kuendelea na mzigo mzito bila kujaza tena. Tairi lenye upepo mdogo linakunjika ubavuni, linapata joto, mwisho linapasuka. Pampu ndogo inayotumia umeme wa gari inakumalizia tatizo hilo.

Juu ya yote kuna mzigo. Tairi limeandikwa ubavuni uzito wa juu linaoweza kubeba, na kwenye magari mengi kuna kibandiko mlangoni kwa dereva kinachosema upepo unaotakiwa. Ukizidisha mzigo, jiwe ambalo jana ulilipita salama leo linakupasua.

Sasa, ubebe au uache?

Jiulize maswali matatu kabla hujapakia.

La kwanza: mzigo wako unaweza kulala njiani? Mahindi makavu, mtama, ulezi na maharage vinalala, hasara yako ni muda na mlinzi. Nyanya zilizoiva, mboga za majani na maziwa havilali. Maziwa mabichi yasiyopoozwa yana saa chache tu kabla hayajaanza kuharibika.

La pili: fundi aliye karibu ana tairi la saizi yako? Fundi pancha wa kijijini ana viraka, gundi na roho nzuri, lakini tairi la Canter hana. Kama atalazimika kulifuata Mugumu au Tarime mjini, hesabu nusu siku.

La tatu: giza litakukuta wapi? Vijiji vinavyopakana na hifadhi, kama Robanda, Park Nyigoti na Machochwe, vinajua tembo wanavyotoka jioni. Hapo si mahali pa kupiga magoti kwenye gurudumu saa moja usiku.

Ukipata jibu baya hata kwenye swali moja, beba. Mimi naona unaweza kuiacha kwa hali mbili tu: unazunguka karibu na mjini ambako unaweza kurudi kwa miguu, au mnaongozana magari mawili yenye gurudumu la aina moja na mwenzako amebeba. Kuacha spea ili uongeze mzigo, hapana. Hilo nimeshalilipia.

Msidhani ni woga wa watu wa kijijini. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yamefundisha dunia nzima maana ya barabara zetu. Wale madereva hupunguza kila kilo kwenye gari ili likimbie, lakini spea wanabeba, mara nyingi mbili. Na wanabadilisha wenyewe kwa mikono yao.

Spea ni seti

Hili ndilo nililojifunza kwa ile jeki mbovu. Tairi peke yake halijakamilika. Seti yangu sasa ni hii:

- Spea yenye saizi sawa na matairi mengine. Zile spea nyembamba za gari dogo ni za kukufikisha kwa fundi, mwisho kilomita 80 kwa saa, si za kubebea mazao.
- Jeki iliyojaribiwa gari likiwa na mzigo. Jeki inayonyanyua gari tupu inaweza kushindwa likiwa limejaa.
- Wili spana inayoingia kwenye nati zako, na bomba la kuongezea urefu wa mkono. Kama gari lako lina nati za kuzuia wizi, na ile soketi yake.
- Kipande cha ubao mnene, kama futi moja kwa futi moja. Kwenye mbuga, jeki bila ubao inazama ardhini badala ya kunyanyua gari.
- Mawe au magogo mawili ya kuzuia magurudumu, tochi, na pembetatu za kuakisi mwanga.
- Pampu, kipima upepo na kamba za kuzibia.

Spea nayo inazeeka. Angalia ubavuni, mwisho wa namba zinazoanza na herufi DOT, utakuta tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisivuke miaka 10 hata kama kashata zipo. Spea nyingi ninazozikuta ni kipara lililotolewa mbele likahamishiwa chini ya gari. Hiyo si akiba, hayo ni matumaini.

Kama spea yako inaning'inia chini kwa mnyororo, ishushe kila baada ya miezi mitatu. Tope na kutu vinakaza ule mnyororo, na siku ya shida haushuki. Uoshe, upake grisi, jaza upepo, rudisha.

Ukibadilisha, fuata mpangilio

Simama mahali tambarare na pagumu, hata kama itabidi utembee mita kadhaa na pancha. Rimu inanunulika, mguu haununuliki. Vuta breki ya mkono, weka gia, kinga magurudumu ya upande wa pili. Shusha watu wote.

Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini. Halafu ndipo unyanyue. Mzigo ukiwa mzito, shusha kwanza, usione uvivu. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ukitoa gurudumu, lilaze chini ya chesisi karibu na jeki, ili jeki ikiteleza gari lidakwe. Ukishaweka spea mahali pake, litoe lile.

Rudisha nati kwa mkono, kaza kidogo kwa kukingamana, siyo kwa kuzunguka. Shusha gari, kaza kabisa. Baada ya kilomita 50 hivi, simama ukaze tena, kwa sababu nati zinalegea kwenye njia ya makorongo.

Wanaokata ndani ya Hifadhi ya Serengeti kupitia Geti la Ikoma kwenda Arusha, kumbukeni kwamba kule huruhusiwi kushuka kwenye gari popote upendapo. Kabla hujaingia, chukua namba za simu za askari pale getini. Ukipata pancha piga simu, subiri ndani ya gari mpaka wafike. Nyasi ndefu zinaficha mengi.

Na nyie wa pikipiki mnaobeba madumu ya maziwa na mikungu ya ndizi, spea yenu ni tyubu mpya, pampu ya mkono, spana za kufungulia ekseli na vyuma viwili vya kupenyezea tairi. Vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja chini ya kiti.

Kikundi kile leo

Vijana wale hawakuniacha, ingawa wangekuwa na haki. Tulichoma upya kile kishikio cha spea kwa fundi welda, sasa tairi linakaa chini ya chesisi na nafasi ya matenga mawili imerudi. Tatizo lote lile lingemalizwa na fundi welda kwa nusu saa. Pia sasa wanachuma nyanya za safari zikiwa zinaanza tu kubadilika rangi, ili hata gari likikwama ziwe na siku mbili tatu za uvumilivu.

Na kabla gari halijaondoka, yule dada wa daftari anapita na kigongo kidogo, anagonga spea, anasikiliza. Halafu anamwambia dereva, "Mura, nionyeshe jeki." Asipoonyeshwa, hakuna kupakia.

Kesho asubuhi, kabla hujaenda shamba, inama chini ya gari lako uiguse spea yako. Ikikutisha, bora ikutishe nyumbani.

Tukutane shambani.