Idadi Isiyoonekana: Maambukizo Yasiyogunduliwa Hukadiriwaje?

Mnunuzi wa mbaazi mjini Babati haridhiki na punje azionazo mdomoni mwa gunia. Hudunga bambo juu, kati na chini, akazitazama punje zinazotoka, ndipo akaamua ubora wa gunia zima. Kanuni hiyo hiyo huwaongoza wataalamu wa takwimu za afya wanapotafuta jibu la swali gumu: ni watu wangapi wanaoishi na virusi vya Ukimwi bila wenyewe kujua? Katika makala haya tutaeleza kwa nini jibu hilo haliwezi kupatikana kwa kuhesabu majibu ya zahanati na hospitali peke yake.

Kugundua si kuambukizwa

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Virusi vyenyewe vilikuwa vimeingia mapema zaidi, kwani mtu asiyetibiwa huweza kuishi navyo miaka minane hadi kumi, kwa wastani, kabla ya kuugua sana. Basi tarehe ya kugunduliwa si tarehe ya kuambukizwa.

Tuchukue mfano wa darasani. Katika mji fulani watu 2,000 walipimwa mwaka wa kwanza, na 20 wakaonekana wana virusi. Mwaka wa pili walipimwa 4,000, wakapatikana 30. Mwaka wa tatu vipimo viliadimika. Walipimwa 1,000, wakapatikana 12. Asomaye hesabu ya waliogunduliwa tu atasema kuwa maambukizo yalipanda, kisha yakashuka. Lakini kwa kila watu 1,000 waliopimwa, waliopatikana ni 10, kisha 7 au 8, kisha 12. Hata uwiano huo haujitoshelezi, kwa sababu wanaokwenda kupimwa hawafanani na wasiokwenda: wajawazito hupimwa kliniki, wagonjwa hupimwa wodini, lakini kijana mwenye nguvu zake huenda asipimwe kamwe. Hizo ndizo punje za mdomoni mwa gunia.

Bambo la taifa

Dawa ya upungufu huo ni uchunguzi wa kaya. Kaya huchaguliwa kwa bahati nasibu nchi nzima, na wakazi wanaoridhia huhojiwa na kupimwa damu. Kila anayeonekana ana virusi huulizwa kama alikuwa akijua. Kwa kuwa wengine huficha, damu huchunguzwa pia kama ina dalili za dawa za kufubaza virusi. Mwenye dawa mwilini huhesabiwa kuwa alijua.

Uchunguzi wa mwaka 2016–2017 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wenye virusi nchini Tanzania, kama 61 tu walijua hali yao. Katika uchunguzi wa mwaka 2022–2023 walifikia kama 83. Yaani wasiojua walipungua kutoka 39 hadi 17 katika kila 100. Hayo ni maendeleo makubwa, ingawa lengo la Umoja wa Mataifa lilikuwa watu 95 kati ya 100 wawe wanajua ifikapo mwaka 2025.

Ushahidi wa pili umo katika damu yenyewe. Mtu mwenye afya huwa na seli za kinga aina ya CD4 zipatazo 500 hadi 1,500 katika milimita moja ya ujazo. Virusi huzipunguza mwaka hadi mwaka. Iwapo wengi wanaogunduliwa mahali fulani wana seli chini ya 200, ni ishara kwamba wameishi muda mrefu bila kugunduliwa, na kwamba wengine kama wao bado wamo mitaani.

Ugumu wa mkoa wenye maambukizo machache

Uchunguzi wa mwaka 2011–2012 uliukuta Mkoa wa Manyara na maambukizo ya asilimia 1.5, na Njombe asilimia 14.8. Kwa watu wazima 1,000, hao ni 15 na 148. Sasa tuseme watu wawili tu wamejibu vingine kuhusu kujua kwao. Njombe uwiano hubadilika kwa kama asilimia 1; Manyara hubadilika kwa asilimia 13. Kwa hiyo mahali penye maambukizo machache ndipo idadi iliyofichika inapokuwa ngumu zaidi kukadiriwa. Uchache wa wagonjwa haupaswi kutulaza usingizi.

Si suala la hesabu tupu. Tangu mwaka 2016 anayegunduliwa nchini huanzishiwa dawa bila kusubiri seli zake zishuke, na ambaye virusi vyake vimefubazwa kabisa hawaambukizi wengine kwa njia ya kujamiiana. Asiyejua hukosa yote mawili. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa: kijana wa miaka 15 aweza kupimwa kwa ridhaa yake mwenyewe, na mtu aweza kujipima.

Zoezi kwa wanafunzi

Hesabuni punje 1,000 za mbaazi, mzitie wino 15, mchanganye vizuri. Mmoja achote 100 bila kuangalia, ahesabu zenye wino, kisha azirudishe. Rudieni mara kumi na mwandike kila jibu. Baadaye fanyeni hivyo kwa punje 148 zenye wino. Linganisheni majibu ya mafungu hayo mawili, kisha mjadiliane: ni mafungu mangapi ya kwanza yangemfanya mtu aseme kwamba guniani hamna punje ya wino hata moja?