Kituo cha bitcoin kina mashine ngapi? Anza na umeme
Usihangaike kuhesabu mashine, we uliza umeme. Kituo cha Riot pale Rockdale, Texas, kina uwezo wa megawati 700. Tuseme mashine zote ni Antminer S19 Pro: moja inakula wati 3,250 hivi na kufanya majaribio trilioni 110 kwa sekunde, yaani terahashi 110. Tenga asilimia 5 ya feni na transfoma (makadirio yangu hayo), kisha gawanya: mashine kama 205,000, terahashi milioni 22 na ushee.

Ila hicho ni kikomo tu. Agosti 2023, joto lilipobana Texas, Riot walipunguza uchimbaji wakaliachia gridi umeme. Nafuu waliyopata: takriban dola milioni 31.7, kuliko thamani ya bitcoin walizochimba mwezi huo.