Mazoezi Yaliyofichwa Jikoni

Kusimama kwa mguu mmoja huku maji ya chai yakichemka hakufanani na mazoezi. Hakuna viatu maalumu, hakuna filimbi ya mwalimu. Hata hivyo, hili ni mojawapo ya mazoezi ya LiFE, mpango uliobuniwa na Profesa Lindy Clemson wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, pamoja na wenzake.

Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la BMJ, uliwahusisha watu 317 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Wote walikuwa wameanguka mara mbili au zaidi katika mwaka uliotangulia, au mara moja wakaumia. Waliofuata mpango huo walipunguza kuanguka kwa asilimia 31 wakilinganishwa na waliopewa mazoezi mepesi tu. Kwa mzee ambaye anguko moja laweza kumvunja nyonga, hiyo si tofauti ndogo.

Siri ya mpango huo ni kufunga kila zoezi kwenye jambo ambalo mtu hulifanya kila siku. Anapoosha vyombo, husimama kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Akiangusha kijiko, hukunja magoti badala ya kuinama. Vyombo vyenyewe huwa kichocheo kinachomkumbusha, na baada ya muda mwili hutenda bila kungoja uamuzi.

Muda gani? Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Kwa wastani zilihitajika siku 66, ingawa makadirio yalianzia siku 18 hadi 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Wengi wao walikuwa vijana, kwa hiyo mzee asijipime kwa hesabu hiyo.

Japani, kichocheo ni redio. Mazoezi yaitwayo rajio taiso yalianza kurushwa mwaka 1928, na hadi leo muziki wake husikika saa 12:30 asubuhi, wazee wengi wakikusanyika bustanini kunyoosha viungo pamoja.

Kwetu, vichocheo hivyo mara nyingi huondolewa kwa mapenzi. Mama mzee anahamia mjini kwa mwanawe, naye ananyang'anywa ufagio, jembe na ndoo ili apumzike. Kumbe pamoja na kazi, ameondolewa yote yaliyokuwa yakimwinua kitini. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili angalau siku tatu kwa wiki, mbali na dakika 150 za mwendo wa wastani. Mama huyo anaweza kuanzia matembezi baada ya swala ya alfajiri, na kusimama kwa mguu mmoja taarifa ya habari ikisomwa: kwanza ameshika meza kwa mikono miwili, kisha kwa mmoja, kisha kwa kidole.